Ufunguo Uliozinduliwa

Jina la nchi hiyo tuliache, maana kulitamka kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali iko likizo. Ijulikane tu kwamba ni nchi ya amani, na asiyekubali kuwa ni ya amani hupelekwa mahali akakae mpaka akubali. Katika nchi hiyo mtu hakuhesabiwa kuwa hai kwa sababu anapumua. Kupumua hata mbuzi anapumua. Mtu alikuwa hai kwa sababu jina lake limo katika Daftari Kuu la Walio Hai, na Daftari lenyewe halikuwa la karatasi. Lilikaa ndani ya seva tatu zilizofungiwa kwenye jengo lisilo na madirisha juu ya Kilima Baridi, mwendo wa siku mbili kutoka mji mkuu, kwa barabara iliyokwisha kuzinduliwa mara nne na bado haijajengwa.

Seva hizo zilitunzwa na Siwema Mbegu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkimya, mwenye hasira za kujificha, na kwa miaka sita aliyofanya kazi hiyo alipanda kilima mara mbili tu. Alizitunza akiwa mjini, chumba namba kumi na tisa cha Idara ya Daftari. Alifungua dirisha jeusi kwenye skrini ya kompyuta yake, akaandika amri, na amri aliyoiandika huku ikatekelezwa kule. Njiani maneno yake yalisafiri yamefumbwa, hata anayeyadaka asielewe kitu.

Seva zilimtambua kwa ufunguo. Ufunguo huo haukuwa wa chuma. Ulikuwa mistari ishirini na saba ya herufi na tarakimu zisizosomeka, uliolala ndani ya kompyuta yake na haukutoka humo hata siku moja. Kilimani kulikuwa na kitasa kilichoukubali ufunguo huo na si mwingine. Hata mwizi angeiba kompyuta nzima, angekwama kwenye maneno ya siri ambayo Siwema aliyatunga mwenyewe na hakumwambia mtu: kuku wanne wa mama hawali pilau jumatatu.

Uangalifu wote huo ulikuwa na sababu, na sababu iliitwa Bi Mkunde. Ndiye mama yake, mkazi wa wilaya ya Kitandula, na figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Kila Jumanne na Ijumaa alilazwa kwenye mashine ya hospitali ya wilaya akasafishwa damu kwa saa nne. Mashine haikuwashwa mpaka muuguzi aandike namba ya mgonjwa na Daftari lijibu: HAI. Bi Mkunde akikosa mara moja, miguu huvimba. Akikosa mara mbili, pumzi hukata. Akikosa mara tatu, daktari alishasema kitakachotokea, na Siwema hakupenda kuyakumbuka aliyoyasema daktari.

*

Balaa lilianza Mkurugenzi wa Daftari, Bwana Kadutu, alipogundua katika semina, kati ya chai na supu, kwamba kuna mlango serikalini ambao Siwema anaufungua na yeye hawezi. Alirudi ofisini amevimba. Kanuni ya utumishi ya nchi hiyo ilikuwa wazi kama jua: palipo na mlango anaoufungua mdogo, wakubwa wake wote lazima waweze kuufungua, hata kama hawana shida ya kuingia.

Siwema alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya shingo upande, akaeleza kwa adabu zote. Alisema kila mkubwa anayestahili atengenezewe ufunguo wake mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Mkurugenzi akae mbele ya kompyuta, atunge maneno yake ya siri, na siku ikitokea hitilafu itajulikana nani aliingia na alifanya nini. Akiupoteza ufunguo wake, unafutwa wake peke yake na nchi inaendelea.

Bwana Kadutu alisikiliza mpaka neno "akae mbele ya kompyuta", akainua mkono. Katika nchi hiyo mkubwa hachapi. Mkubwa akionekana na kibodi watu huanza kuulizana amekosa nini. Tangu ateuliwe, vidole vyake viligusa vitu vitatu tu: kalamu, mhuri na nyama choma.

"Binti," alisema, "mimi sitengenezewi ufunguo kama mpangaji. Chapisha huo wa kwako, ulete hapa na hayo maneno yake."

Siwema aliandika dokezo la kurasa tatu kupinga. Alieleza kwamba ufunguo ukishachapishwa kwenye karatasi si siri tena, na kwamba atakayeuchukua ataingia kwa jina lake yeye, afanye apendalo, na seva zitaapa kwamba ni yeye. Dokezo lilirudi na maneno matatu kwa wino mwekundu: Umejieleza vizuri. Tekeleza.

Akatekeleza, machozi ya hasira yakimlenga. Ufunguo ulichapwa pamoja na maneno yake ya siri kwenye karatasi yenye nembo, ukagongwa mhuri wa SIRI KUU sehemu sita, na chini kabisa, kama ulivyo utaratibu wa barua zote za serikali hiyo, ukaandikwa: Nakala kwa. Orodha ya waliopewa nakala ilikuwa ndefu kuliko ufunguo. Wizara zote zilipata, na wakuu wa mikoa, na Bodi ya Pamba, na Chama cha Netiboli cha Watumishi. Kila aliyepata alitoa nakala ya jalada, kwa sababu jalada bila nakala ni uzembe.

*

Mambo yangeweza kuishia hapo, katika ubaya wa kawaida. Lakini nakala mojawapo ilimfikia Waziri wa Mawasiliano na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Mwambusho, mbunge wa Kitandula hiyo hiyo, mtu ambaye hakuwahi kuona kitu kikipita bila kukikatia utepe. Alikuwa amezindua visima, vivuli vya visima, na mafuriko ya mwaka juzi. Alipoambiwa taifa lina ufunguo ambao umetumika miaka sita bila kuzinduliwa, alihuzunika sana, akaagiza jiwe.

Likachongwa jiwe la marumaru, refu kuliko mtu, na mistari yote ishirini na saba ikachongwa juu yake kwa rangi ya dhahabu. Hapo ndipo uhodari wa nchi hiyo ulipojionyesha: mafundi waliokuwa wakikosea majina ya marehemu makaburini, safari hii hawakukosea hata herufi moja. Jiwe likasimikwa kwenye mzunguko mkubwa wa katikati ya mji. Kina mama wa hamasa walishonewa kanga za sherehe, na kwa kuwa kanga lazima iwe na maneno, na Kamati ya Mapambo ilikuwa haina maneno, ikayachukua yaliyokuwa kwenye barua. Siku ya uzinduzi mamia ya akina mama walicheza wakiwa wamevaa kiunoni, kwa herufi kubwa, habari za kuku wanne na pilau.

Mheshimiwa alivuta pazia. Bendi ikapiga. Akahutubia saa moja na nusu, na televisheni ya taifa ikarusha yote.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo ufunguo wa taifa hautalala tena gizani ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Nao utaota jua kama watoto wengine wa nchi hii. Wanaosema siri itunzwe, tuwaulize wanaficha nini."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa kwenye ratiba. Siwema alisimama nyuma ya hema la wageni waalikwa. Alimwendea katibu wa Waziri, akamsihi angalau aruhusiwe kubadilisha kitasa kule kilimani jioni ile ile, ufunguo uwe mwingine, jiwe libaki kuwa pambo. Alijibiwa kwamba kubadilisha kitasa ni kulifanya jiwe la Waziri liseme uongo, kosa la uhujumu. Kisha akaulizwa kama ana maana kuwa wananchi wa nchi hii ni wezi. Alitamani kujibu kwamba wananchi hawana neno, wezi ni waliokaa kwenye viti vya velveti. Akaondoka.

*

Seva huandika kila anayeingia. Huandika jina, saa na mahali alipotokea, safu tatu, haziongezi wala hazipunguzi. Baada ya uzinduzi, jina lilikuwa moja tu, la Siwema. Siwema aliingia saa tatu asubuhi kutoka Wizara ya Mifugo. Dakika hiyo hiyo Siwema aliingia kutoka kambi ya bendi ya polisi, na Siwema mwingine kutoka saluni moja mtaa wa pili. Katika wiki moja Siwema aliingia mara elfu nne na mia mbili, huku mwenyewe amekaa chumba namba kumi na tisa ameshika kichwa.

Mwanzoni walifanya mambo madogo. Kamishna mmoja aliyekaribia kustaafu alijipunguzia miaka ishirini na tisa, akawa mdogo kwa mwanawe wa kwanza. Mke mkubwa wa mkuu wa mkoa alimfanya mke mdogo kuwa mwanamume. Siwema alirekebisha kimoja kimoja, akaandika taarifa kila jioni, na taarifa zikaenda kwa Bwana Kadutu, ambaye alizigonga mhuri na kuzitolea nakala.

Kisha ikaja Jumamosi, siku ishirini na mbili kabla ya uchaguzi. Saa saba mchana Siwema aliingia kutoka ofisi ya kampeni ya Mheshimiwa Mwambusho. Aliandika amri moja, ya mstari mmoja. Watu elfu sitini na moja wa wilaya ya Kitandula, wale wa kata ambazo hazikuwa zimempigia kura mara iliyopita, wakafariki kwa pamoja. Sababu ya kifo: kawaida.

Jumanne Bi Mkunde alifika hospitali na kikapu chake. Muuguzi aliandika namba, akatazama skrini, akamtazama mama. Akamwambia kwa upole kwamba Daftari linasema amefariki Jumamosi, akampa pole, akamwita wa nyuma yake. Naye wa nyuma alikuwa amefariki. Foleni nzima ilikuwa marehemu siku hiyo, wakakaa kwenye mabenchi wakipeana pole.

Mama alimpigia binti yake. Hakulia. Alisema tu kwamba amerudishwa nyumbani, kwamba miguu imeanza, na kwamba Siwema asijihangaishe kama ana kazi nyingi. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Siwema kuliko yote. Alikata simu, akapiga meza kwa ngumi mpaka kikombe kikaanguka.

Alikimbilia kwa Mkurugenzi. Alimwonyesha safu zote tatu: jina, saa, mahali. Bwana Kadutu alishtuka, lakini alichoshtukia ni kuonyeshwa. Mchana huo huo nchi ilijibu kwa namna yake: ikaundwa Tume, na Siwema akakatazwa kugusa Daftari mpaka imalize kazi. Kuhusu waliofariki, serikali ilisema inasikitika, ila marehemu yeyote asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa fomu maalumu, aijaze mwenyewe, ithibitishwe na mashahidi wawili waliohudhuria mazishi yake. Mheshimiwa Mwambusho alikwenda Kitandula kuhani. Alisema wilaya imefariki kwa amani na utulivu, akaipongeza.

Tume ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na hadidu zake za rejea ziliiruhusu kusoma safu ya kwanza tu. Ikasoma safu ya kwanza. Jina lilikuwa la Siwema kuanzia juu hadi chini. Siwema aliwaomba wageuze macho kidogo upande wa kulia, waone amri ilitoka wapi. Mwenyekiti alimwambia kwa ukali kwamba Tume haigeuzi macho. Ijumaa ikapita, na mama akarudishwa nyumbani mara ya pili. Sasa alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata.

*

Jumatatu asubuhi Tume ilimaliza. Iliamuliwa kwamba kompyuta ya Siwema ichukuliwe saa sita mchana na yeye akabidhiwe kwa polisi. Wengine wote wangebaki na ufunguo. Yeye peke yake, katika nchi nzima, ndiye asiyeaminika kuwa nao.

Saa tano Bwana Kadutu aliingia chumba namba kumi na tisa, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni. Aliongea taratibu, karibu kwa huruma. Alisema anajua habari za mgonjwa, naye ana mama. Alikuwa na karatasi mkononi, maelezo yaliyokwisha kuandikwa, yanayosema kwamba Siwema aliwafuta watu wa Kitandula kwa bahati mbaya, kwa uchovu.

"Tia sahihi hapa," alisema. "Kisha mrudishe mama yako, mmoja tu, nani atajua? Hao wengine waache wapumzike. Uchaguzi ukipita tutawafufua."

Siwema aliitazama ile karatasi. Alimwona mama yake kwenye mito mitatu. Kesho ilikuwa Jumanne, siku ya kukosa mara ya tatu. Alijua akikataa, mlango huu utafunguliwa na askari na mama yake hatafika Jumatano. Alijua pia kwamba kwenye foleni ile kulikuwa na watu ishirini na wawili wa mashine, na wajawazito, na watoto wa chanjo, na kila mmoja ana mtu wake anayepiga meza mahali fulani. Alimchukia mzee huyu kwa moyo wake wote. Alimchukia zaidi kwa kuwa aliongea vizuri.

"Sawa, mzee," alisema.

Akatia sahihi. Bwana Kadutu akaikunja karatasi, akainuka kwenda dirishani, akampigia Waziri simu kumpa habari njema. Nyuma yake Siwema aligeukia dirisha jeusi, lililokuwa wazi tangu asubuhi. Nakala ya akiba ya Daftari, aliyoitunza Ijumaa ya kabla ya msiba, alikuwa nayo. Aliandika amri ya kwanza, na Kitandula yote ikafufuka, elfu sitini na moja, Bi Mkunde akiwa wa elfu thelathini na kitu, katikati ya umati. Aliandika ya pili, akakiambia kitasa cha kilimani kiukatae ule ufunguo wa jiweni. Aliandika ya tatu, akakiambia kikatae na funguo nyingine zote, kwamba kuanzia sasa asisikilizwe mtu yeyote anayetoa amri kutoka mbali, awe nani. Anayetaka kitu apande kilima kwa miguu yake. Kisha akafunga dirisha. Hata yeye hakuweza tena kurudi.

Bwana Kadutu alimaliza simu, akauliza kama tayari.

"Tayari," alisema Siwema. "Wamerudi."

Bwana Kadutu alichelewa kidogo kulielewa lile "wa". Alipolielewa, alikaa chini sakafuni, na suti yake.

*

Saa sita polisi walimchukua Siwema, na mwendesha mashtaka akaandaa shitaka moja: kufufua watu elfu sitini na moja bila kibali. Lilikuwa zito, lilistahili kifungo cha maisha. Lakini kila walipojaribu kulisoma kwa sauti, lilizaa swali ambalo hata hakimu wa nchi hiyo angelazimika kuliuliza, la nani aliwaua kwanza. Wakakaa vikao saba. Wakaona heri yaishe kimya.

Ujumbe wa wataalamu kumi na wanne ukatumwa Kilima Baridi, kwa magari mpaka barabara ilipokoma kuwepo, kisha kwa punda. Uchaguzi ulipita wakiwa bado njiani, wanasukuma jenereta waliyokwenda nayo, na Kitandula ikampigia Mheshimiwa Mwambusho kura za kumtoa, akateuliwa kuwa Waziri wa Maadili. Wataalamu wakafika, wakavunja mlango, wakapigwa na baridi. Wote walikuwa wakubwa, na mkubwa hachapi. Ilibidi wamlazimishe aliyekuwa mdogo wao kwa cheo. Alihangaika wiki tatu, akafanikiwa kuandika mstari mmoja, wenye jina moja.

Tangu siku hiyo Siwema Mbegu ni marehemu. Polisi walimwachia, maana mahabusu haipokei maiti. Laini ya simu ilikatwa, chumba cha kupanga akaambiwa ahame kwa kuwa mkataba umekufa naye. Akaenda Kitandula kwa mama yake.

Ijumaa moja walifika hospitali pamoja. Siwema alibeba kikapu na kandambili za mama, mkono mwingine amemshika kiwiko. Muuguzi aliandika namba, Daftari likajibu HAI. Akageuza fomu, akauliza habari za ndugu wa karibu, kama kuna mtoto.

"Mmoja," alisema Bi Mkunde. "Siwema."

Muuguzi aliandika, akatazama skrini, sauti yake ikashuka. Akauliza kama mama anajua. Bi Mkunde aligeuka akatazama nyuma. Mgongoni kwake ilisimama foleni ndefu ya watu waliokuwa hai, na mlangoni alisimama askari aliyepewa picha ya Siwema na amri ya kumkamata yeyote atakayesema yu hai.

"Najua," alisema. "Alifariki mwezi uliopita."

Muuguzi alimpa pole, akaandika. Akaonyesha kwa kalamu, akauliza huyu aliyemshika mkono ni nani, kwa sababu ndani ya chumba cha mashine huruhusiwa ndugu tu. Siwema mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Jirani," alisema.

Akamkabidhi mama kikapu, akapiga magoti akamvalisha kandambili, akatoka akakaa kwenye benchi la nje. Baada ya dakika chache aliisikia mashine ikiwaka.